Mbogo Aliyejeruhiwa

Mwindaji wa mbogo akionywa hujibu: "Nikifa, nimekufa mimi." Wengi humsifu kwa neno hilo. Sisi na tulipime kwa amri ya tano.

Mbogo dume wa mbugani aweza kufikia kilo 800, na mashina ya pembe zake yamekutana juu ya paji la uso kama ngao. Risasi isiyopata moyo wala mapafu haimwangushi upesi. Hukimbilia kichakani, na huko aweza kusimama kimya kando ya njia aliyopita, akimngoja amfuataye. Wawindaji wazee wayajua hayo.

Basi mwindaji akiogopa, akarudi nyumbani, ni nani atakayepita pale kesho? Ni mama aendaye kutafuta kuni, na watoto waendao mtoni. Hao hawakuichagua hatari hiyo, wala hawana bunduki.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakataza kumtia mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito. Njaa ya watoto yaweza kuwa sababu nzito. Sifa za kijijini (ambazo mara nyingi huanzia kwenye pombe) hazitoshi. Lakini hata mwenye njaa, akiisha kumjeruhi mnyama, ana deni: awaonye watu wote upesi, hata kama kwa kusema atajulikana kwamba aliwinda palipokatazwa, kama vile katika mbuga ya Virunga, iliyohifadhiwa tangu mwaka 1925. Hapo ndipo ulimi huwa mzito. Naye aliyenyamaza kwa kuogopa kifungo, mama yule akauawa, ataungama nini mbele ya padri? Kuwinda bila ruhusa tu?