Chupa Iwe na Kwao

Mjukuu wangu, mama yako ameniambia umepata kibanda karibu na stendi, na kwamba juisi ya ukwaju unataka uitie kwenye chupa za plastiki, mteja anywe, atupe, aende zake. Biashara nakubariki. Nimekuita mkekani kwa sababu ya hizo chupa.

Unajua nimeuza kahawa hapa Tanga miaka mingi. Mkono mmoja dele na jiko lake la makaa, mkono wa pili ndoo ya maji na vikombe vidogo vya kauri, nikivigonganisha ili walio barazani wajue napita. Vikombe vilikuwa kumi na viwili tu, na viliwatosha wanywaji wote wa mtaa. Mtu alikunywa, akarudisha, nikasuuza, nikamtilia mwenzake. Nyuma yangu hapakubaki kitu ila majivu.

Baadaye mgongo uliponiuma nikachoka kubeba ndoo, nikanunua vikombe vya plastiki vya kutupa. Nilidhani nimepumzika, kumbe kitu nilichokuwa nikikinunua mara moja kwa miaka, sasa nakinunua kila wiki. Masika yalipoingia, mtaro wa mtaani kwetu ukaziba, maji yakapanda hadi kizingitini. Nilisimama mlangoni nikaviona vikombe vyangu mwenyewe vinaelea, vinanirudia nyumbani. Nani ningemlaumu?

Hapo ndipo nilipoelewa. Kikombe cha kauri kilikuwa na kwao, kila jioni kikirudi. Cha plastiki hakina kwao, na chombo kisicho na kwao hulala popote: mtaroni, baharini, tumboni mwa ng'ombe.

Usiniambie haya ni mambo ya zamani. Ulipokuwa mtoto, ulipotumwa soda dukani, muuzaji alikuuliza nini kwanza? "Chupa unazo?" Kama huna, ulinywea pale pale au uliacha hela ya chupa. Chupa ile ya kioo ilirudi kwenye kreti, ikaenda kiwandani kuoshwa, ikajazwa tena. Hukuiona ikizagaa ufukweni, maana ilikuwa na bei, na mwenye kuiokota aliikimbiza dukani. Leo vijana wanaookota chupa za plastiki huzijaza viroba kwa viroba ndipo wapate kilo chache za kuuza. Kazi yao naiheshimu, lakini wao huokota zinazoonekana. Zilizozama nani atazipigia mbizi?

Basi fanya hivi. Anayekunywa papo hapo mpe bilauri. Anayebeba mpe chupa ya kioo, na aache hela ya chupa, iandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ziloweke kwa maji ya moto na sabuni, zisugue ndani kwa brashi, zisuuze, zipindue zichuruze. Yenye ufa itoe, usiionee huruma. Utalipa msaidizi wa kuosha, sikatai, na zingine zitavunjika. Lakini aliyeacha hela yake kwako ana sababu ya kurudi kesho, na akirudi na chupa tupu hataondoka mikono mitupu.

Jihadhari pia na watakaokuletea tiba ya haraka. Wapo wanaouza vikombe vya karatasi: ndani vimepakwa ngozi nyembamba ya plastiki, la sivyo vingevuja. Wapo wenye vikombe vilivyotokana na wanga wa mahindi, vimeandikwa kwamba vinaoza. Vingi vya aina hiyo huoza katika mitambo maalumu ya mboji, penye joto la nyuzi kama 60. Kwenye mtaro wetu vitakaa kama plastiki nyingine. Hata kioo chenyewe usikiabudu. Kukiyeyusha kunahitaji tanuri la nyuzi karibu 1,500, kwa hiyo chupa ya kioo inayotumika mara moja ikatupwa ni israfu kubwa. Kioo kinapata thamani kwa kurudi.

Wenzako watakucheka, watasema mteja hapendi usumbufu. Waambie wakumbuke. Machi 2017 pombe ya viroba, ile ya vifuko vya plastiki, ilipigwa marufuku. Tarehe 1 Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo. Watu walilia kwamba soko litakufa. Soko halikufa, vikapu vilitoka mvunguni. Sheria inapotembea, mwenye biashara mwerevu huitangulia, hangoji imkute amejaza stoo kwa mali isiyouzika.

Nawe una bahati kuliko mwenye kiwanda. Chupa yake husafiri mikoa, wakati yako inavuka barabara tu na kurudi. Juisi yako ni ya kunywewa siku hiyo hiyo, haihitaji safari ndefu wala chupa nyepesi ya safari. Kilichomlazimu mkubwa usikiige wewe usiyelazimika.

Chupa ya kwanza niletee mimi, ukwaju usio na sukari nyingi. Hela ya chupa nitaweka, na jina langu uliandike daftarini kama la mtu mwingine yeyote. Nikichelewa kuirudisha, njoo unidai, usinionee haya.