Kichwa Kinapouma na Jicho Likagoma

Mkasa huu haukumpata mtu mmoja tu, ndiyo maana nausimulia bila jina. Huanzia kama kule Mgeta, milimani Uluguru, kwa mkulima anayepakia kabichi alfajiri kuzishusha Morogoro mjini. Kichwa humuuma. Wiki ya kwanza husema ni jua na mizigo. Ya pili hununua dawa za maumivu, kisha za malaria bila kupima. Akilala maumivu huzidi, akiamka hutapika, naye bado hujipa moyo. Mimi na wewe tungefanya vivyo hivyo; nani hajawahi kuumwa kichwa?

Kisha barabarani huanza kuona watu wawili alipo mmoja. Jicho moja halitaki kutazama nje, limevutwa puani. Ndugu husema ni makengeza, atafutiwe miwani.

Jicho lenyewe ni zima. Kila jicho huzungushwa na misuli sita, nayo huongozwa na mishipa mitatu ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Ule unaoitwa mshipa wa sita kazi yake ni kulivuta jicho nje. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, huo huelemewa hata kama chanzo kiko mbali nao. Kwa anayeishi na VVU aliyeacha dawa, au asiyejua hali yake, chanzo chaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokoka. Isipotibiwa, huua.

Hospitalini daktari huomba kutoa maji mgongoni kwa sindano. Hapo familia nyingi hukataa, zikiamini sindano ndiyo inayoua, kumbe wengi waliokufa baada yake walifikishwa wamechelewa. Ndugu zangu, tukubali. Maji hayo yakipungua, shinikizo ndani ya fuvu hushuka, kichwa hupata nafuu, na jicho laweza kurudi polepole. Tiba ipo: utafiti wa ACTA wa 2018, uliohusisha wagonjwa wa Malawi, Zambia, Kamerun na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa dawa ya amfoterisini ya wiki moja pamoja na flusitosini hupunguza vifo.

Na kope likidondoka ghafla huku mboni imepanuka, ulioelemewa ni mshipa mwingine, wa tatu; kimbilia hospitali, usingoje kuche.

Fangasi wa kriptokoka huonekana kwa kipimo cha damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma. Anayeishi na VVU mwenye chembe za kinga (CD4) chini ya 100 aulizie kipimo hicho kliniki ya VVU (CTC). Wakionekana mapema, na ubongo ukiwa bado salama, mgonjwa hupewa dawa ya flukonazo.