Mwili Ndio Kipimo

Rekodi ya wimbi la Nazaré, pwani ya Ureno, ilipatikana kwenye picha. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwa ubao kwenye wimbi la mita 26.21, na wapimaji walikipata kimo hicho kwa kulilinganisha wimbi na mwili wake. Mawimbi yaliyovunjika siku ile bila mtu hayakupewa namba. Jambo hili ni zito kwangu: bahari yote ile, na rula ni binadamu.

Ukubwa wenyewe unatoka chini. Bonde la zaidi ya kilomita 200 limekata sakafu ya bahari hadi karibu na ufukwe wa Praia do Norte. Wimbi linalopita juu ya bonde halipungui kasi, la pembeni kwenye kina kifupi huchelewa, na yakikutana hurundikana. Lakini kinachosafiri si maji. Mwaka 1963 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake walifuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini mwa dunia hadi Alaska. Kilichovuka Pasifiki ni msukumo; maji huzunguka tu karibu na palepale. Basi aliye juu ya wimbi amesimama juu ya tukio, nalo linakwisha miguuni pake.

Maya Gabeira wa Brazili nusura afe maji Nazaré mwaka 2013. Alipoteza fahamu, mwenzake Carlos Burle akamwokoa. Alirudi, na Februari 2020 aliteleza kwenye wimbi la mita 22.4. Wapo wanaoita kurudi huko wazimu. Mimi siafiki. Mpenda uhai anaweza kutaka kujua uhai wake una ukubwa gani ukiwekwa kando ya kitu kisichomtambua, na hilo halijulikani kwa kutazama kutoka mwambani.

Ndiyo maana nawasikitikia mabaharia wa zamani, waliokaa kando ya wimbi lakini hawakusadikiwa. Walisimulia mawimbi yaliyoinuka ghafla maradufu ya mengine, na wataalamu wengi wakayahesabu kuwa chumvi, hadi tarehe 1 Januari 1995, leza ya jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, ilipopima wimbi la mita 25.6 katika dhoruba ambayo mawimbi yake makubwa yalikuwa ya takriban mita 12. Mashine ikasadikiwa. Na mabaharia wale walikuwa na kipimo chao tangu mwanzo: kila mmoja aliujua urefu wa mlingoti wake, akayaona maji yakiupita.