Nani Anamkopesha Nani?

Neno mshahara limezaliwa na mwezi. Kwa Kiarabu shahr ni mwezi, na mushahara ni mapatano ya kuajiri kwa mwezi. Ndani ya neno lenyewe, basi, hamna jasho wala kazi wala fedha, mna muda. Ujira una asili nyingine. Umetoka kwenye ajr, yaani thawabu, malipo ya tendo, na mpaka leo tukisikia ujira tunafikiria kazi iliyofanyika. Apokeaye ujira ametenda jambo. Apokeaye mshahara ametimiza mwezi.

Mwezi ukishafanywa kipimo, pana swali ambalo hatuliulizi vya kutosha: katika siku hizo zote, mali imo mkononi mwa nani? Aliyeanza kazi tarehe mosi, jua likichwa ameshatoa nguvu zake za siku hiyo. Mwajiri ameshazipokea, pengine ameshaziuza. Malipo yatafuata wiki nne baadaye. Karl Marx, katika Das Kapital ya mwaka 1867, alieleza kwamba hapo mfanyakazi ndiye anayemkopesha mwajiri. Karne nyingi kabla yake, Waislamu walikuwa wamefundishwa na Mtume wao kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Mafundisho hayo yametoka katika dunia mbili zisizofanana, lakini yote mawili yanatambua kwamba kazi ikitangulia malipo, tayari pana mdai na mdaiwa.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, deni hilo lilirefushwa hadharani. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa ilitiwa alama. Siku aliyougua au aliyoshindwa kutimiza kipimo haikuhesabiwa. Fedha ilitoka kadi ikijaa, na kujaa kwenyewe kungeweza kuchukua mwezi na nusu au zaidi. Mwezi wa mbinguni uliandama ukafa, mwezi wa shamba ukawa bado unaendelea. Wanaosema mshahara ni mapatano kati ya watu wawili walio huru wangeitazama kadi ile kwanza. Mmoja wao alikuwa na uwezo wa kurefusha mwezi. Mwenzake alikuwa na uwezo wa kungoja tu.

Bandarini Mombasa mambo yalikuwa kinyume. Makuli wa kutwa walilipwa kwa siku, na wengi walichagua siku za kwenda kazini na siku za kufanya shughuli zao. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, serikali ya kikoloni ilizidi kutaka kazi ya bandari ishikwe na watu wa kudumu, kwa sababu mwenye hiari na kesho yake ni mgumu kuamrishwa.

Hata hivyo sitaki kumpamba kibarua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaagiza kibarua wa siku alipwe siku inapokwisha, na mwajiriwa wa muda mrefu mwezi unapokwisha. Wa kwanza hadai mtu anapolala, lakini alfajiri atasimama tena getini bila kujua kama ataitwa. Wa pili anadai, na pamoja na deni hilo ana kesho inayojulikana: akiugua siku mbili jina lake halifutwi, na anaweza kupanga karo ya mtoto. Uhakika huo una thamani kubwa, na wengi wetu tungeuchagua. Nakataa tu kusahau kwamba tunaununua kwa kukopesha.

Na tumesahau kweli. Mlinzi akifika tarehe 20 mfuko mtupu, dukani anaandikwa kwenye daftari la wadaiwa, au anaangukia mikononi mwa wenye mikopo ya kausha damu. Akienda ofisini anainamisha kichwa, anaomba advansi kama aombaye hisani. Lakini siku hiyo ameshalinda mali ya watu siku 20 na hajalipwa hata moja. Ofisi ikimpa fedha ya siku hizo, imepunguza deni lake yenyewe. Fomu anayotia saini haistahili kuitwa ya mkopo, wala yeye hastahili kutozwa riba ya shilingi moja juu yake.