Je, Yatosha Kusema "Upo Mwingine"?

Mtu akitaka kukausha kinamasi apate shamba, na mwenzake akimwonya kwamba humo mna mimea isiyopatikana kila mahali, hujibu upesi, "Si kitu, ng'ambo ya mto upo mwingine kama huo." Leo twataka kulipima neno hili, maana kwetu Issenye, penye haja ya mashamba na malisho, laweza kutoka kinywani mwa yeyote kati yetu.

Tutwae mmea mmoja mdogo, ambao wataalamu wauita Utricularia. Aina zake huelea katika vinamasi vya Ziwa Viktoria. Hauna mizizi, bali una vijani vyembamba kama nyuzi, navyo vina vifuko vidogo. Mdudu wa majini akigusa nywele za mlangoni, kifuko humvuta ndani pamoja na maji, upesi kuliko kupepesa jicho. Ndivyo mmea huo upatavyo chakula ambacho maji yenyewe hayaupi.

Zamani watu waliutambua kwa ua na jani tu. Siku hizi wataalamu huchukua kipande cha jani na kusoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila kiumbe hai. Mwaka 2013 walitangaza maandishi ya Utricularia gibba: herufi zake ni kama milioni 82, hali mwanadamu anazo kama milioni 3,000. Katika maandishi ya namna hii hutafutwa mahali ambapo neno fupi hurudiwa mara nyingi, maana hesabu ya marudio hutofautiana ukoo kwa ukoo. Hizo ndizo alama. Zafanana na alama za masikioni mwa ng'ombe: makundi yakichanganyika mtoni, azijuaye hutambua huyu ni wa boma gani.

Basi alama hizo hufunua mambo mawili. Mmea unaozaa kwa kukatika vipande waweza kujaza bwawa zima, kumbe mashina elfu ni mmea mmoja tu. Tena mimea miwili inayofanana machoni yaweza kuwa ya koo mbili zilizoachana zamani sana. Kwa hiyo, asemaye "upo mwingine" kwa kutazama tu, asema asilolijua.

Labda mtu atauliza: Je, watoto walale njaa kwa ajili ya jani? Hasha, hatusemi hivyo. Njaa ya mtoto ni nzito kuliko kinamasi. Lakini haja haigeuzi uongo kuwa kweli. Ikitupasa kutwaa, na tuulize kwanza, tuache sehemu isiyoguswa, wala tusijifariji kwamba hakuna kilichopotea.

Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, alikuwa karibu kumchagua mwana mwenye sura na kimo. Naye aliyekusudiwa alikuwa malishoni, wala baba yake hakuona haja ya kumwita. Ikiwa macho ya nabii yalikosea juu ya mwanadamu, je, yetu yatakosaje kukosea juu ya jani la kinamasini? Bwana atujalie kusitasita kabla ya kuliita bure lile aliloliumba Yeye.