Ubawa Wako, Macho ya Wenzako

Methali hii siku hizi imechapwa kwenye fulana. Vijana wa kanisa wanatoka kwenye semina ya "kugundua kusudi lako" wakiwa wameivaa kifuani: Kila ndege huruka na ubawa wake. Mnenaji amewaambia wasimsikilize mtu. Mungu ameweka ndoto ndani yao, na anayewauliza maswali, awe mzazi au mchungaji, huyo anaipiga vita hatima yao. Makofi! Sina ugomvi na fulana. Ugomvi wangu ni pale maneno ya wazee yanapogeuzwa kibali cha kutoambilika.

Kwamba kila mtu ana uwezo wake, asitegemee wa jirani wala asiuonee kijicho, hilo hatubishani. Ubishi uko kwenye kumiliki. Wahubiri wa kusudi hudhani kwamba kwa kuwa ubawa ni wako, basi ni wewe peke yako unayeujua, na njia ya kuujua ni kujifungia chumbani na daftari ukaorodhesha unavyovipenda. Lakini kinda aliye kiotani ana habari gani za ubawa? Mama yake ndiye aliyeuona ukiota manyoya. Methali inasema huruka na ubawa wake; haikusema aliugundua mwenyewe.

Tazama Samweli. Aliitwa usiku kule Shilo, akakimbilia kwa Eli, si mara moja, mara tatu. Sauti ilikuwa ya Mungu na jina lilikuwa la mtoto, ila aliyetambua ni nani anayeita alikuwa mzee mwenye macho mabovu, tena mzee ambaye wanawe mwenyewe walikuwa wamemshinda. Vijana wetu wangemwambia Samweli asipoteze muda na babu kama yule.

Au Paulo, ambaye kila mwenye ndoto humtaja kwa sababu ya ile nuru ya njia ya Dameski. Nuru ilimwangusha, sawa. Haikumwonesha kazi yake pale pale. Aliambiwa aingie mjini, huko ataambiwa la kufanya, naye Anania akatumwa kwake. Baadaye alikuwa Tarso, kwao, mpaka Barnaba alipofunga safari kwenda kumtafuta na kumleta Antiokia. Ni kanisa la Antiokia lililofunga na kuomba, likamwekea mikono, likamtuma. Na alipofika Korintho alikuwa bado anashona mahema pamoja na Akila na Prisila. Wito haukumtoa kwenye sindano.

Hapo pana kosa la pili, na hili ni letu sisi wa makanisani, tusiwasingizie wanenaji. Tukisema fulani "ana wito", tunamaanisha anakwenda seminari au utawani. Wakatoliki tuna Siku ya Kuombea Miito, iliyoanzishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, Jumapili ya Mchungaji Mwema. Ni siku njema, lakini parokia nyingi huipitisha kwa kuwasimamisha mafrateri na masista mbele, huku fundi cherehani na dereva wa daladala wakiwapigia makofi kana kwamba wao hawakuitwa popote.

Mwenyeheri Isidori Bakanja wa Kongo alikuwa msaidizi wa fundi mwashi. Alibatizwa Mbandaka mwaka 1906, kisha akaenda kufanya kazi ya uboi kwenye kampuni ya mpira huko Ikili. Hakuwa padri wala bruda. Aliwafundisha wenzake kusali, basi, na kwa kufanya hivyo wengi walimdhania katekista. Msimamizi Mzungu alimwamuru aache na avue skapulari yake. Alipokataa akachapwa mijeledi hata mgongo ukaoza, akafa Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Sioni popote kwamba alikaa akijiuliza kusudi lake ni nini. Wenzake walitaka kusali, naye alikuwa anajua.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo yupo mama muuza mboga ambaye hutembea na mkasi mdogo wa kucha kwenye mkoba. Mgonjwa akilala muda mrefu, wengine tunapeleka sukari na sala ndefu. Yeye huomba beseni la maji ya uvuguvugu, akaloweka ile miguu, akakata kucha moja moja akipiga soga za sokoni. Hakujichagua. Mwenyekiti alimtazama siku moja kwa mgonjwa akasema, "Mama, kazi hii ni yako," naye akacheka akidhani anataniwa.

Macho ya wengine nayo huweza kukudhulumu, sikatai. Wapo waajiri ambao mwalimu akidai mshahara wa miezi iliyopita humjibu, "Ualimu ni wito." Hao hawakuona ubawa wa mtu, wameona pa kubana matumizi. Paulo aliyekataa kulipwa na Wakorintho aliwaandikia waziwazi kwamba alikuwa na haki ya kula kutokana na kazi yake, na kwamba kuiacha haki hiyo ni hiari yake mwenyewe, si yao.