Diski Ikijaa, Nani Afutwe?

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Pangani. "Dada, bibi ametutoka. Ile sauti yake uliyoirekodi, tunaiomba." Nilimpa pole, nikamwambia asiwe na wasiwasi, ninayo. Nina diski ya nje ya terabaiti moja, na programu inayonakili laptopu yangu kila usiku saa nane, mwenyewe nikiwa nimelala.

Nilitafuta mpaka alfajiri. Haikuwepo.

Ilivyopotea ni jambo dogo tu. Programu za aina hii hunakili kila kitu mara ya kwanza, kisha kila usiku huchukua yale tu yaliyobadilika. Hata hivyo, diski hujaa. Ndiyo maana mafundi wana utaratibu wanaouita babu, baba na mwana: nakala ya kila siku ni mwana, ya kila wiki ni baba, ya kila mwezi ni babu. Wana hufutwa baada ya siku chache, mababa baada ya wiki kadhaa, na nafasi ikibana, babu mkongwe kuliko wote ndiye anayeondoka.

Sasa mimi, miaka kadhaa nyuma, laptopu ilipojaa nilifuta rekodi za zamani nikijiambia, si zipo kwenye bakapu? Zilikuwepo kweli, lakini ndani ya mababu. Kila mwezi mpya ulipoingia, babu mmoja alitoka kuupisha. Ikafika zamu ya bibi wa Pangani. Siwezi hata kusema sikuulizwa. Siku ya kwanza nilipopanga ratiba, programu iliuliza kama ifute nakala kongwe bila kunisumbua. Nilibonyeza "ndiyo".

Usiku uleule nikakuta jambo la pili. Mwaka jana mfanyakazi mmoja wa ghala alinisimulia mambo ya kazini kwake. Miezi mitatu baadaye akaingiwa na hofu, akaniomba niifute sauti yake. Niliifuta mbele ya macho yake, kwenye simu na kwenye laptopu, tukapeana mikono. Kumbe bado alikuwa amekaa salama ndani ya nakala tatu za mwezi. Niliyeahidi kumtunza nimempoteza, na niliyeahidi kumfuta bado ninaye.

Je, nilimdanganya? Wakati ule nilisema ninachokiamini. Lakini nadhani kutojua kwangu si udhuru, kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kujua. Ahadi ya kufuta ni ahadi ya kujua nakala ziko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba bila daftari, mali pia hubaki bila habari.

Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Acha falsafa, nunua diski kubwa." Sawa. Terabaiti nne zingemhifadhi bibi kwa miaka kadhaa zaidi. Zingemhifadhi na yule mfanyakazi pia, ambaye hakutaka. Nafasi kubwa inaahirisha swali tu: nani akae, nani aende, na nani mwenye haki ya kuamua?

Ratiba hujibu kwa tarehe. Watu hatujibu hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua alimsaidia mmisionari William Taylor kukusanya mashairi yake, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1940. Mengi kati ya mashairi hayo yalikuwa yameishi midomoni mwa watu, wakayashika kwa kuyapenda na si kwa upya wake. Nisiwasifu kupita kiasi: ambayo hawakuyapenda yamepotea, na hatutayajua kamwe. Ila kila lililobaki, kuna mtu aliyelirudia kwa hiari yake. Mimi nilimwachia kalenda kazi hiyo, kisha nikalala.

Sasa nimetenganisha mambo mawili niliyokuwa nikiyachanganya. Kazi ya kila siku inaendelea na zamu ya babu, baba na mwana. Sauti za watu ziko kando, kwenye diski mbili zisizofutwa na ratiba yoyote. Moja iko kwa dada yangu. Nina daftari la karatasi: nani, lini, alisema nini kuhusu kutunzwa au kufutwa. Yule mfanyakazi nilimtoa nakala baada ya nakala, kisha nikampigia kumweleza. Alinyamaza muda mrefu, akakata simu. Ni haki yake.

Kijana wa Pangani naye nilimwambia ukweli. Sikujitetea.

"Basi dada, tuambie unachokumbuka," akasema.

Nilikumbuka kwamba bibi alikatiza habari ya harusi yake ili afukuze kuku aliyeingia ndani, akarudi akicheka, akauliza, "Nimefika wapi vile?" Nilichomjibu sikukikumbuka. Kilikuwa kwenye rekodi.